Mlango wa Msitu wa Kwekivumo

"Kulinda mlango si kulinda nyumba." Maneno hayo mmeyasikia asubuhi kwa mwenyekiti, alipokuta mbuzi wamemaliza miche yenu ya mikangazi. Mlitia kufuli getini, nyuma ya kitalu mkaacha wazi, na sasa mnaniuliza mimi alikuwa na maana gani. Haya, kaeni. Methali hii ilizaliwa hapa hapa kwetu, na aliyekosea alikuwa mtu wa ukoo wetu.

Msitu wa Kwekivumo, ule wa bondeni, ni wa kale mno. Hakuna babu aliyewahi kusimulia wakati ambao haukuwapo. Zamani ulikuwa na njia moja tu upande wetu, na mwiko mmoja: asiingie mtu. Aliyeingia alihamishwa kijijini, asirudi tena. Penye mdomo wa njia alikaa mlinzi, na kazi hiyo ilikuwa ya kurithi. Semgaya aliirithi kwa baba yake. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa pale kwenye kigoda, mkuki magotini, wala hakumpitisha mtu. Alijivunia sana jambo hilo, na kusema kweli hata mimi ningejivunia.

Dada yake, Mandia, alikuwa mkunga. Siku moja alikwenda kuchota maji kwenye kijito kitokacho msituni, akaona unga mwekundu unaelea juu ya maji. Akauteka kiganjani, akaunusa, akaenda nao moja kwa moja kwa kaka yake.

"Kaka, huu ni unga wa mbao. Kuna watu wanapasua miti humo ndani."

"Hapa hajapita mtu," akajibu Semgaya.

"Sikusema wamepita hapa. Twende tukaone."

"Mwiko ni mwiko, Mandia. Hata mimi sijawahi kuingia. Ukiingia, nitakufukuza kwa kinywa changu mwenyewe, na wanao utawaacha."

Mandia alikuwa na watoto wanne. Aliwafikiria mmoja mmoja.

"Utanifukuza nikisharudi," akasema, akampita. Mkuki Semgaya alikuwa nao, lakini nani amchome dada yake?

Mandia alifuata kijito kwenda juu. Aliogopa, hilo alilisema mwenyewe hadi uzeeni. Lakini kadiri alivyokwenda ndivyo woga ulivyompungua. Aliona mivule ambayo watu watano wasingeweza kuikumbatia. Aliona sange, vinyama mfano wa panya, wakichokora majani makavu kwa pua zao ndefu, hawana habari naye. Alikuta chemchemi tatu, na hapo ndipo alipojua maji ya kijiji kizima yanatoka wapi. Alijisikia vibaya kwamba alikuwa amefika utu uzima bila kuvijua vitu hivyo.

Jua lilipokuwa utosini alifika mahali peupe. Mikangazi kumi na tisa ilikuwa imeangushwa, na watu sita walikuwa kwenye shimo la kupasulia mbao, na msumeno.

"Nani amewaruhusu?" akawauliza.

Mkubwa wao akatoka shimoni, akamwamkia kwa heshima. "Mama, sisi tumetoka ng'ambo ya mto. Tuna miezi minne hapa na hatujaona hata unyayo wa mtu. Tukajua msitu huu hauna mwenyewe."

Mandia alirudi na maneno hayo, akakuta kijiji kimekusanyika mdomoni mwa njia, akamwambia kaka yake kama alivyoyasikia, hakuongeza wala kupunguza. Kisha akangoja kufukuzwa.

Semgaya aliinama. Machozi yalimtoka, mtu mzima yule, mbele ya watu. Halafu akauchomeka mkuki ardhini, akaingia msituni kwa miguu yake, na kijiji kizima kikamfuata. Wapasuaji walipoona umati huo walikusanya vyombo vyao wakaondoka bila ugomvi, na hawakuonekana tena.

Tangu mwaka ule mwiko uligeuzwa. Kila baada ya mavuno tunaupita msitu wote hadi mpaka wa upande wa pili, wakubwa na wadogo, tukiwafundisha watoto majina ya miti. Mmekwenda wenyewe, mmeiona mikangazi iliyochipua kwenye visiki vile. Leo ni mirefu kuliko nyumba zetu.

Jioni ya siku ile wapasuaji walipoondoka, watu walimuuliza Semgaya kama Mandia ahamishwe.

"Ahamishwe kwa lipi?" akasema. "Mimi ndiye niliyekaa nje miaka ishirini na miwili. Kulinda mlango si kulinda nyumba."