Fisi Aliyejua Mwisho wa Kila Kazi

Mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha, na za masika zililowesha vumbi kidogo zikaenda zake. Mto Mkomole, ambao hilo ndilo jina lake kamili ingawa wengi huuita Mkomo kwa uvivu, ukageuka njia ya mchanga. Kilichobaki ni dimbwi moja la matope chini ya genge. Wanyama walikunywa kwa zamu, huku wakitazamana vibaya.

Maji yalikuwapo chini ya ardhi, lakini kuyafikia kulihitaji mchwa, kwa maana hakuna mnyama achimbaye kina kama wao. Nao mchwa wa Mkomole walikuwa na desturi yao. Ukitaka wakufanyie kazi, unasimama mbele ya kichuguu na kusema agizo lako. Mchwa aliyelipokea hulifuata neno kwa neno, haongezi wala hapunguzi, na hasikilizi agizo jingine mpaka la kwanza liishe. Hata mfalme hawezi kumrudisha.

Desturi hiyo ilikuwa na hatari. Mwaka uliotangulia Ngiri aliwaambia, "Chimbeni mbele. Mkikuta jiwe, geukeni kulia." Hakusema waache lini. Kichuguu kizima kikaingia kazini. Wakakuta jiwe, wakageuka. Wakakuta jingine, wakageuka. Mwishowe wakarudi kwenye lile la kwanza. Walizunguka chini ya ardhi kiangazi chote, mpaka mafuriko yalipobomoa handaki lao. Tangu hapo Ngiri alipita njia za pembeni.

Ndiyo maana Fisi alipojitokeza na ufundi wake alishangiliwa. Huyu alikuwa fisi madoa, si fisi miraba. Wawili hao wasichanganywe, kwa kuwa fisi miraba hakufanya kosa lolote katika habari hii.

"Nikisikia agizo lolote," alimwambia Simba, "najua papo hapo kama kazi yake itaisha au haitaisha."

"Lolote?" Simba aliuliza.

"Lolote, Mfalme. Mchwa hajainua hata mguu, mimi nimeshajua."

Simba alipenda kuzungukwa na wenye vyeo, kwa sababu vyeo vyao vilionyesha ukubwa wa aliyewapa. Akamfanya Fisi kuwa Mpimaji wa Maagizo, na akaamuru kwamba hakuna agizo litakalofika kwa mchwa kabla Fisi hajalipima.

Fisi akajiwekea ujira wa paja la nyama. Aliyeleta paja nono, kazi yake iliisha. Aliyeleta mfupa, kazi yake haikuwa na mwisho. Na kwa kuwa agizo lililokataliwa halikujaribiwa, hakuna aliyeweza kumsuta. Tumbo la Fisi likawa linamtangulia njiani.

Ikafika zamu ya Mzee Kobe, kobe wa nchi kavu. Wajukuu wake walikuwa wadogo, na safari ya kwenda dimbwini iliwashinda. Walipofika, zamu yao ilikuwa imepita, na ndimi zao zilikuwa zimekauka. Kobe alitaka kisima karibu na kwake.

"Agizo langu ni hili," alisema. "Mchwa wachimbe penye mkuyu mkavu, mpaka udongo ulowane."

"Paja liko wapi?" Fisi aliuliza.

"Mimi nala majani, bwana. Nimekuletea tango pori."

"Tango!" Fisi alilinusa, akalitupa. "Haitaisha. Anayefuata!"

Kobe alikokota miguu hadi kwa Sungura, ambaye alikuwa amejilaza kivulini bila kazi, kama kawaida yake.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Nimenyimwa kisima."

Sungura akasikiliza habari yote. "Kwani wewe una hakika maji yapo pale?"

"Sina. Mkuyu hupenda maji, lakini ule umekufa."

"Basi kama hayapo, mchwa watachimba milele. Huenda Fisi amesema kweli."

"Huenda," Kobe alikubali. "Lakini hakusikiliza. Nilipokuwa nikisema, yeye alikuwa anatazama mkoba wangu."

Sungura akacheka mpaka masikio yakatikisika. "Wewe hujui, mimi sijui, na yeye hajui. Tofauti ni kwamba yeye kutojua kwake kunamnenepesha! Kesho njoo kichuguuni, Mzee. Na hao wajukuu waje."

Kesho yake wanyama walikusanyika mbele ya kichuguu. Sungura akapiga magoti mbele ya Simba.

"Mfalme, nina agizo nataka lipimwe. Paja sina. Lakini Bwana Mpimaji akilipima sawasawa, na anile mimi, nyama yote pamoja na masikio. Akikosea, avuliwe cheo, na Mzee Kobe apate kisima chake."

Fisi alikuwa ameanza kudondokwa na mate kabla Sungura hajamaliza. "Nimekubali! Mfalme, nimekubali!"

"Hebu sikiliza agizo kwanza," Simba alimwambia.

"Ya nini? Nimesema lolote."

Sungura akamwomba malkia wa mchwa ampe mchwa mmoja tu, ili wengine wasifungwe na mchezo huu. Akatoka mchwa mzee, mwenye kichwa kikubwa, akasimama kando ya jiwe.

"Agizo ni hili," Sungura alisema polepole. "Muulize Fisi kama kazi yako hii itaisha. Akisema itaisha, lizunguke jiwe hili wala usiache. Akisema haitaisha, keti chini, umemaliza."

Mchwa akamgeukia Fisi. "Kazi yangu hii itaisha?"

Fisi akafungua kinywa, akakifunga. Akamtazama mchwa, akalitazama jiwe.

"Nikisema itaisha, atazunguka," alinong'ona, "kwa hiyo haitaisha. Basi niseme haitaisha. Lakini nikisema haitaisha, ataketi... Ngoja kwanza."

"Papo hapo, Bwana Mpimaji!" Ngiri alipaza sauti kutoka nyuma. "Si ndivyo ulivyosema?"

"Nyamaza wewe! Haya. Haitaisha!"

Mchwa akaketi. "Nimemaliza," alisema, akarudi nyumbani kwake.

Bonde zima likaangua kicheko. Twiga alicheka mpaka ikabidi aegemee mti.

"Ulimi umeteleza!" Fisi alilia. "Mfalme, nipe mara moja tena!"

Simba, ambaye ndiye aliyempa cheo, hakufurahia kicheko kile. "Mpeni tena," alinguruma.

Akaja mchwa wa pili, akapewa agizo lile lile, akauliza swali lile lile.

"Itaisha!" Fisi alisema kwa nguvu. "Safari hii itaisha!"

Mchwa akaanza kulizunguka jiwe. Wanyama wakamtazama akizunguka, na akizunguka, na akizunguka. Kivuli cha kichuguu kikasogea.

"Subirini," Fisi alisema. "Anakaribia kuchoka."

"Mchwa achoke?" malkia aliuliza, na hilo kwake lilikuwa tusi.

Fisi akanyoosha mguu kumzibia njia. Mchwa akaupanda mguu, akashuka upande wa pili, akaendelea na kazi.

"Inatosha!" Simba alisema. "Cheo nimekuvua. Na kwa kuwa umesema itaisha, kaa hapa uitazame. Ikiisha, njoo unywe maji."

Kisha akamgeukia Sungura. "Kumbe wewe ndiwe mjuzi. Shika cheo hicho."

"Hapana, Mfalme. Nikiulizwa swali lile nami nitaumbuka. Maagizo mengine hata mtoto anayaona mwisho wake. Lakini wa kuyajua yote hayupo. Wewe mwenyewe huwezi."

Hakuna aliyewahi kumwambia Simba kwamba hawezi.

"Mimi nisiweze?" Simba alisema. Akakitunisha kifua, akamtazama mchwa aliyekuwa akizunguka, akafumbua kinywa. Mwishowe akapiga mwayo, kana kwamba alichotaka tangu mwanzo ni kupiga mwayo. "Mfalme hana nafasi ya michezo. Mpeni Kobe mchwa wake."

"Lakini kama hakuna ajuaye," Kobe aliuliza kwa unyonge, "si nitawapoteza mchwa wa watu wote?"

"Ongeza neno moja tu, Mzee," Sungura alimwambia. "Wachimbe mpaka udongo ulowane, au mpaka jua lizame, lolote litakalotangulia. Kesho, ukitaka, utawaagiza tena."

Ndivyo walivyofanya. Jioni ya kwanza mchwa walirudi na vumbi. Fisi, kando ya jiwe lake, alicheka. Jioni iliyofuata wakarudi na changarawe, naye akacheka kidogo zaidi. Kila asubuhi Kobe alisimama mbele ya kichuguu na kurudia agizo lake. Wajukuu hawakuwa tena na nguvu za kulia. Ndipo siku moja, jua likiwa bado juu, mchwa wakatoka na donge jeusi. Kobe akaliweka shavuni, akahisi ubaridi wake.

"Limelowana," alisema. Wajukuu wakaletwa mmoja mmoja mgongoni mwa Ngiri, wakanywa.

Wakati huo Fisi alikuwa hacheki tena. Alikuja akipepesuka, tumbo limeshikana na mgongo, akasimama mbali na kisima.

"Mchwa wako amemaliza?" Simba alimuuliza.

"Bado, Mfalme."

"Basi nikupime mimi. Twiga naye anataka kisima, kule kwenye migunga. Akiwaagiza mchwa wachimbe mpaka wapate maji, kazi hiyo itaisha au haitaisha?"

Fisi akafungua kinywa kwa mazoea. Akayatazama maji. Akautazama mdomo wa Simba, kisha mchanga uliokuwa mbele ya miguu yake.

"Sijui," alisema.

Mzee Kobe akasogea pembeni, akampisha anywe.

Anayekuambia kwamba anajua mwisho wa kila jambo, basi mpe jambo ambalo mwisho wake unategemea jibu lake, kisha usimwondolee macho.