Kwa Nini Sedi Hagusi Faili la Asili

Msiniulize nimejuaje. Nilikuwepo, tena mbele kabisa, wala hakuna aliyenihadithia.

Enzi hizo, nyuma ya kioo cheusi cha kompyuta ambako watu huandika amri, Sedi, programu ndogo ya kuhariri, alikuwa akirekebisha maandishi na kuyarudisha humohumo yalimotoka. Mistari ilimpitia mmoja mmoja, akabadilisha neno aliloagizwa, basi. Akimaliza hasemi kitu.

Kisha akaja Bawabu mpya wa kupokea amri, msafi kupindukia. Amri ikitaja faili la kupokelea kazi, yeye hulisafisha kwanza, ndipo amwite mfanyakazi.

Siku moja Bi Mwanamkuu akaleta tenzi za marehemu baba yake, nakala pekee. Alitaka kila “moyo” uwe “mtima”, na kazi irudi humohumo. Sedi alipoitwa alikuta faili jeupe, hata nukta hamna.

“Tenzi za baba ziko wapi?”

“Nimekuta hivi hivi, mama.”

“Umekuta. Na hilo tumbo?”

Macho ya wafanyakazi wote wa humo yakamshukia tumboni. Bawabu, mikono ingali na maji, akanong’ona kwamba yeye hajawahi kumwamini mtu anayemaliza kazi kimya. Wakambonyeza Sedi, wakakuta tumbo lake linatosha mstari mmoja tu.

“Basi kala mmoja mmoja,” akasema mtu, na wote wakaitikia. Ikaamuliwa afutwe, na kule aliyefutwa hana hata kaburi.

Sedi akaomba jaribio moja. “Chukueni faili la Bawabu mwenyewe, lile la mapishi yake ya biriani. Amri iwe ileile. Mimi nishikeni hapa.”

Wakamshika. Amri ikatolewa. Bawabu, kwa mazoea ya mkono, akalisugua faili la biriani yake likang’aa jeupe, hata nukta hamna, kisha akaita kwa madaha: “Sedi, njoo.”

Wakamwachia Sedi. Bi Mwanamkuu alikaa chini, kwani tenzi hazikurudi.

Na tangu hapo Sedi hamwamini mtu. Mpe faili, atalisoma tu. Kazi ataimwaga kiooni kila mtu aione, la asili libaki lilivyo, mpaka umwandikie ruhusa ya kuligusa. Bawabu naye hajaacha: mwambie matokeo yarudi humohumo, atasafisha kwanza, wala hakuulizi.

Na kile kijistari kinachopepesa kiooni ni jicho la Sedi, linamchungulia Bawabu. Haya, hilo la jicho nimelitunga mimi. Mengine yote niliyaona.