Nywila ya Pimbi

Simulizi nimekuja nayo.
— Itue hapa tulipo.
Ni ndefu kama mkia wa pimbi.
— Pimbi hana mkia.
Basi masikio yenu yako wazi. Nyamazeni, maana mimi nikikatizwa naondoka.

Hapo kale, kale ya kesho kutwa, wanyama walikuwa na kibanda cha gemu kando ya mtaro. Mwenyewe Mama Kanga. Ukivaa miwani yake, fyuu, mtaro huuoni tena: umesimama katika nchi ya moto, una mabawa, una mkuki, na mbele yako yupo mwenzako anakuja kukuchoma. Watazamaji wanawaona kwenye skrini, na juu ya kila kichwa pana jina. Wewe uliye ndani unaona mikono yako tu. Jina lako hulioni, kama usivyoona kisogo chako.

Kiboko alikuwa wa kwanza kwa mwili na wa mwisho kwenye ubao wa washindi. Alivunja foleni, alikula zamu za wenzake, alikula na viazi vyao. Jina likabaki chini. Juu kabisa lilikaa jina la Pimbi.

Asubuhi anatazama ubao: Pimbi. Mchana anatazama ubao: Pimbi. Jioni anapita kama hana habari, shingo inageuka yenyewe: Pimbi. Akitafuna majani, kwacha kwacha, anasikia Pimbi, Pimbi.

"Yule ni mdukuzi," akawaambia nyani. "Ameingilia mitambo. Kimo kile kinashinda vipi?"

"Ingilia na wewe, mjomba," nyani mmoja akajibu. "Au kidole chako kinabonyeza herufi nne kwa pamoja?"

Wakacheka. Kiboko hakucheka.

Ikaja wiki ya fainali, Pimbi na Duma, zawadi ni miwani mipya ya kwenda nayo nyumbani. Mama Kanga akabandika sheria mlangoni. Asiyecheza, jina linafutwa ubaoni. Mgonjwa anaweza kutuma mtu amchezee. Mwizi wa nywila asikanyage hapa mwaka mzima.

Alhamisi Pimbi akaungua mkono kwa mafuta ya maandazi.

Ijumaa mchana Kiboko alikuwa mtaroni, macho na masikio tu juu ya maji, akamsikia Pimbi akimlilia nyani.

"Nimekwisha, ndugu yangu. Mkono haushiki. Na nguvu zote zimo kwenye akaunti yangu: mabawa yamo, mkuki wa moto umo. Hata gogo likiingia na nywila yangu, litampiga Duma."

Kisha Pimbi akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa mkaa, kra kra kra, akakitundika kwenye dirisha la kibanda. "Nisije nikaisahau," akasema kwa sauti, akaenda zake bila kugeuka.

Kiboko akatoka majini, pwaa. Akasoma: sinamkia7. Kumbe ndiyo siri. Kumbe si akili, ni mkuki.

Jumamosi, siku ya fainali, akaingia kwa mlango wa nyuma, akajifungia pazia. Akashika kijiti, ti, ti, ti, akaandika nywila, akavaa miwani. Mabawa haya. Mkuki huu. Duma yule.

Nje watu wakaanza: "Pimbi, Pimbi, Pimbi."

Kiboko akasikia. "Hata hayupo, bado wanamwimba." Wivu ukampanda kichwani, akapiga, pu.

"Pimbi, Pimbi."

"Nitawanyamazisha." Akapiga, pu.

"Pimbi, Pimbi."

Akapiga kwa hasira ya siku zote alizotazama ubao ule, pu, pu, pu, hadi Duma akalala chali.

Kiboko akavua miwani, akatoka akivimba. Akatazama ubao. Juu kabisa: Pimbi.

"Mama Kanga, ubao wako mbovu," akafoka. "Aliyecheza ni mimi."

"Wewe? Umeingia kwa nywila ya nani?"

Kiboko akafungua kinywa. Jicho likaenda mlangoni, likasoma sheria ya mwisho. Kinywa kikafungika. Jicho likarudi ubaoni. Pimbi. Kinywa kikafunguka tena.

"Nilitumwa," akasema taratibu. "Na Pimbi."

Mama Kanga akamgeukia Pimbi, aliyekaa mstari wa mbele akila mahindi kwa mkono mzima. "Ni kweli ulimtuma?"

"Kweli, mama. Tena nilimwandikia."

"Basi zawadi ni ya mwenye jina. Aliyetumwa hupewa asante."

Pimbi akajifunga miwani mipya kichwani, akainama kwa adabu zote.

"Asante, mjomba."

Ngoma imekwisha, nawarudishia masikio yenu.
— Tumeyapokea.

Fundisho lake ni hili, nalisema wazi, sizunguki: nywila ni siri. Usiiandike, usiitundike dirishani. Pimbi aliitundika, na mmeona wenyewe yaliyompata.