Hindi Moja Alilopewa Pimbi

Hapo zamani za kale, wakati Simba na wenzake walikuwa bado wakila ugali kama sisi, Pimbi alikuwa akilima shamba la mahindi, na wakubwa hao kumi wakigawana mavuno. Yeye alime, wao wale! Nikisimulia tu, damu inanichemka.

Mwaka huo watoto wa Pimbi walikuwa wakilala njaa. Alivuna huku akilia kwa hasira, akayahesabu mahindi yote: elfu mbili mia tano na ishirini. Namba tiifu hiyo! Igawe kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, mpaka kwa kumi, haibakizi kitu.

Na ugawaji ulikuwa na mwiko wake. Ukishaanza, hindi halitoki uwanjani wala haliingii. Na likibaki hata moja, mvua hainyeshi.

"Wakubwa zangu," Pimbi akasema kabla hawajaanza, "nipeni hindi moja tu, nikawachomee watoto."

"Moja?" Fisi akacheka, kwa-kwa-kwa! "Chukua, utuondokee!"

Pimbi akalichukua, akaketi pembeni, ameuma meno.

Wakagawa kwa kumi. Lo! Yakabaki tisa.

"Fisi, toka!" Simba akanguruma. Wakagawa kwa tisa. Yakabaki manane.

"Nyati naye atoke!"

"Nitoke mimi? Kwani nilikuja kutazama?"

Puu! Pembe kwa kucha, vumbi likatimka. Wakagawa kwa wanane, kwa saba, kwa sita. Kila mara lilipungua hindi moja tu mafungu yatimie. Hata waliposalia Simba na Tembo, likabaki moja!

"Basi yote yangu," akasema Simba.

Waliofukuzwa wakamzunguka, wenye pembe wakaziinamisha. Simba akafyata mkia.

"Au tuongeze mtu, nimwite shemeji yangu?" akauliza.

"Thubutu!" wakafoka wote.

Hapo Pimbi akainuka kwa ghadhabu. "Mmemaliza? Gaweni tena, na mimi mnihesabu!"

"Wewe? Panya usiye na mkia!"

"Nimelima mimi! Nimepalilia mimi! Kila mwaka mwasema mko kumi. Hatuko kumi, tuko kumi na mmoja! Hamtaki? Basi mvua isinyeshe. Mimi njaa nimeizoea. Nyinyi je?"

Wakatazamana, kisha wakagawa kwa kumi na mmoja, huku wakisaga meno. Kila mmoja akapata mia mbili ishirini na tisa, na uwanja ukabaki mweupe pe!

"Ulijuaje?" Fisi akauliza, jasho linamtiririka.

"Miaka yote napanga mafungu mimi. Nyinyi mnajua kula tu."

Pimbi akaanza kuyabeba mahindi yake kuwapelekea wanawe, wala hakusema asante.

Nanyi wanangu shikeni hili: mwenye jembe asipohesabiwa, hesabu haitimii.