Nyumba Yenye Komeo kwa Nje

Hrr-khaa! Hrr-khaa! Hrr-khaa!

Ndivyo kulivyosikika usiku wa manane, hapo zamani wanyama walipokuwa bado wakipanga nyumba, wakikoroga uji na kugombania zamu ya kufagia uwanja. Ilikuwa sauti kama ya mtu anayepasua mbao kwa msumeno. Lakini wanangu, nani hupasua mbao saa nane za usiku?

Mama Chausiku, digidigi mwenye miguu myembamba kama njiti, aliruka kutoka kitandani. Akamkumbatia kifuani mwanawe Chausiku, wa miezi miwili tu.

"Baba Chausiku! Amka! Ni Chui, juzi alikuwa mtoni, jana kwenye njia panda, leo yuko nyuma ya jiko, kesho atakuwa wapi, eti, kesho atakuwa wapi?"

"Tulia, mke wangu."

"Nitulieje? Kichaka kimekatwa kimebaki vijiti vitatu, mtoto akicheua tu anasikika ng'ambo! Mimi hapa silali tena. Tunahama!"

Mumewe akapiga miayo. "Haya, tunahama. Wapi?"

Hapo ndipo penye kazi. Kulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni Bustanini, kule kilimani kwa wenye nazo: kuta ndefu, mageti ya chuma, majani yanayomwagiliwa hata wakati wa kiangazi. Ya pili ni Kwamihogo, nje kidogo ya mji: vibanda vya udongo vimetawanyika katikati ya mihogo na maboga, hakuna uzio, kila mtu anakatiza uwanjani kwa mwenzake.

"Kwamihogo siendi," alisema Mama Chausiku. "Hakuna ukuta, nyasi zinafika kiunoni, na wale kanga wa kule wanaingia kwa mtu na kufunua sufuria! Watauliza umetoka wapi, umepika nini, mtoto kafanana na nani."

"Basi Bustanini," alisema mumewe, akarudi kulala.

Asubuhi Mama Chausiku akamfunga mwanawe mgongoni, akamwacha mumewe anafungua kitanda, akaenda kwa dalali. Dalali alikuwa Fisi. Alivaa koti, akacheka hata kabla ya salamu.

"Hii-hii-hii! Shemeji, umekuja siku njema! Nyumba ninayo moja tu, na wateja ni wengi mpaka nawafukuza. Twende!"

Wakapanda kilima. Mtaa ulikuwa safi, umenyooka, na kimya. Mama Chausiku, kwa kuwa amelelewa, alibisha kwenye kila geti awasalimie majirani watarajiwa.

"Hodi! Hodi jamani!"

Kimya. Geti la pili, kimya. La tatu, kimya.

"Usijisumbue, shemeji," alisema Fisi. "Huku watu hawasalimiani. Ndiyo ustaarabu wenyewe."

Wakafika. Ukuta ulikuwa mrefu mara mbili ya twiga, umesakafiwa ukateleza kama sahani, na juu yake vimepangwa vipande vya chupa. Geti la chuma. Na komeo la geti, wanangu, lilikuwa upande wa nje.

"Shemeji Fisi, mbona komeo liko nje?"

"Fundi alikosea vipimo! Ingia, ingia uone majani."

Majani kweli yalikuwa laini. Chausiku akachezesha masikio. Ndani kulikuwa na jiko, mkeka, na kinu. Mama Chausiku akachungulia ndani ya kinu. Mahindi yalikuwemo, yametwangwa nusu. Mchi ulikuwa umeanguka pembeni.

"Mpangaji aliyepita ameacha kinu chake?"

"Vyote ni vyako! Bure!"

"Alihama lini?"

"Juzi. Hapana, jana. Alihama haraka."

Mama Chausiku akautazama tena ule mchi. Mwanamke huhama akasahau ufagio, akasahau hata kandambili za mume. Lakini kinu chenye mahindi? Wakati bado anawaza, akasikia kutoka kibanda cha uani:

Hrr-khaa! Hrr-khaa!

"N-nini hicho?"

"Jenereta la mwenye nyumba," alisema Fisi, huku anasogea kinyumenyume kuelekea getini. "Wewe pumzika hapa na mtoto, mimi natoka kidogo, narudi na mkataba."

Mama Chausiku akalitazama geti. Fisi akitoka, komeo likirudi, basi. Na hofu ilipomfika kooni, maneno yakaanza kumwagika yenyewe.

"Ngoja, shemeji, ngoja, usitoke! Nyumba nimeipenda, nimeipenda kupita kiasi, ila siwezi kukaa peke yangu. Nina dada zangu saba na wote wana watoto, wawili wana mapacha, wamenenepa hao, wamenenepa mpaka wanatembea wanahema, nao wote wanatafuta pa kuhamia. Humu si tunaenea sote?"

Fisi akasimama. Mate yakamdondoka kwenye koti, to! to!

"Saba? Na watoto?"

"Na bibi yetu. Lakini ni waoga. Wakikuona wewe getini, dalali mkubwa hivyo, watatimka. Mimi nikawalete, wewe ukae ndani na mwenye nyumba, mtulie kimya mpaka nibishe hodi."

"Kimya! Kama maji mtungini!"

"Na geti nilifunge kwa nje. Dada yangu mkubwa ana maneno, akikuta geti wazi atasema ulinzi gani huu, atawarudisha wote."

"Funga, shemeji, funga! Kaza kabisa!"

Mama Chausiku akatoka, akaliegemea komeo kwa kifua. Kwaaa! Likaingia. Kisha mbio! Pu-pu-pu-pu! Alishuka kilima akapita geti la tatu, la pili, la kwanza, hata hakuona miguu yake ilikompeleka, mpaka akasikia, "We mama! Unakimbia nini? Mtoto wa nani huyo? Mbona mnatetemeka? Mmekula?"

Alikuwa Mama Kanga, ana jembe begani. Kumbe Mama Chausiku alikuwa amefika Kwamihogo.

Akamweleza yote kwa pumzi moja. Mama Kanga hakungoja amalize. "Jamaniiii! Njooni! Chui na Fisi wako ndani, wamefungiwa na huyu mdogo hapa!" Mara kanga na vifaranga wao wote, ngiri, nungunungu na kima wakamwagika kutoka mihogoni, wakapanda kilima kwenda kujionea. Njiani wakakutana na Baba Chausiku, kitanda kichwani.

"Geuza," alisema mkewe. "Tunahamia Kwamihogo."

"Si ulisema wanafunua sufuria?"

"Wafunue."

Basi jueni, wanangu: ukitafuta pa kuhamia, usiulize ukuta una urefu gani, uliza nani atakuja ukipiga kelele.

Walipofika kilimani, ndani ya geti Chui alikuwa ameamka. Aliruka, akateleza, puu! Akaruka tena, puu! Ukuta aliujenga mwenyewe ili asiweze kutoka yeyote. Mwishowe akaweka jicho kwenye tundu la geti. Alimwona Mama Chausiku peke yake, kwani wengine aliokuja nao walikuwa wamejibanza ukutani, mabawa na mikono midomoni wasicheke.

"Mama Chausiku, fungua."

"Sifungui."

"Basi nisitiri. Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu. Wakisikia nimefungiwa na digidigi, nitaweka wapi uso? Niahidi hutasema."

Mama Chausiku akawatazama kanga thelathini, ngiri, nungunungu na kima waliojipanga ukuta mzima.

"Nakuahidi, Bwana Chui. Kuanzia sasa simwambii mtu mwingine."