Sultani Haidari na Raha Aliyoilipia

Hapo zamani, enzi ambazo msafiri alijulikana kwa vumbi la miguuni kabla hajataja jina lake, alikuwapo katika mji wa Ungamani sultani mmoja aitwaye Haidari. Hakuwa dhalimu, wala hakuwa mtu wa kuacha sala. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba kitu akishakinunua hawezi kukiona kinabaki. Embe akilila, kokwa lake hulifyonza mpaka likawa jeupe. Akinunua viatu vikambana, huvivaa hivyo hivyo mpaka vichakae, huku akichechemea mbele ya raia zake, nao wakichechemea nyuma yake kwa adabu. Na sisi tusimcheke sana, maana wengi wetu maradhi hayo tunayo, ila hatuna ufalme wa kuyaonyeshea.

Basi mwaka mmoja, baada ya kusikiliza kesi nyingi za mipaka ya mashamba, Sultani akachoka mno. Akawa hapati usingizi, na kila amjiaye humkaripia, hata waziri akawa anapitia mlango wa nyuma. Kadhi wa mji, Sheikh Burhani, akamshauri aende Kivulini akapumzike juma moja. Kivulini palikuwa bustani kubwa mlimani, penye chemchemi na michungwa na vyumba vya wageni, na mwenyewe alikuwa mjane mmoja, Bi Mwanatumu, mwanamke ambaye mapishi yake yalisifiwa nchi nzima. Utaratibu wake ulikuwa mmoja kwa mkubwa na mdogo: mgeni hulipa langoni siku ya kuingia, malipo ya siku zake zote, kisha hadaiwi tena. Akale atakacho kadiri atakavyo, mpaka siku ya kutoka. Na akila kidogo harudishiwi kitu.

Sultani alipofika langoni alidhani ataingia bure, lakini Kadhi akamnong'oneza kuwa mtawala kula mali ya mjane bila malipo ni jambo ambalo kesho ataulizwa na Mola wake. Ikawa hana budi. Akatoa mfuko wake mwenyewe, si wa hazina, akajilipia yeye na watu wake wote. Na tangu mkono ule ulipoufunga mfuko, moyo wake haukutulia tena.

Usiku ule wa kwanza Bi Mwanatumu akawaandalia kama alivyozoea. Masinia yakaletwa yamefunikwa kwa makawa, na makawa yalipoinuliwa, harufu ikatoka, mwenye njaa akasahau jina lake: wali wa nazi, kuku wa kupaka, kamba wakubwa, nyama ya mbuzi, mbaazi, mikate ya mofa ya moto. Sultani akala matonge matatu kwa raha, na hayo yalikuwa ya mwisho. La nne lilipokuwa njiani, akautazama upande wa pili wa sinia, akaona wali umebaki, akakumbuka mfuko. Basi akaanza kutoa amri. Mikate msiiguse, akasema, mkate hujaza tumbo na bei yake ni ndogo. Wali nao onjeni tu. Anzeni na kamba, kisha nyama, kisha kuku. Maji msinywe, maji ni ya bure na yanachukua nafasi. Kadhi, mtu mzima mwenye tumbo lake dogo, akaomba uji mwepesi wa mtama. Sultani akamkatalia, akamwambia uji atakunywa Ungamani.

Ikawa hivyo asubuhi, mchana na jioni. Bi Mwanatumu akipika, wao wakipambana. Hakuna aliyesema chakula kitamu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusema. Alasiri ya siku ya pili waliposimama kusali, Kadhi akarukuu, safu nzima ikainama nusu njia ikakwama hapo. Kwenye kusujudu, waziri akaenda chini, asiweze kurudi juu, na ikabidi wamwinue wawili baada ya salamu. Magharibi Kadhi akasali amekaa, kama wanavyoruhusiwa wagonjwa, na mgonjwa pale hakuwapo hata mmoja, ila walikuwa wameshiba.

Sasa katika msafara ule alikuwamo mtu mmoja aitwaye Ngwali, msuka mikeka, masikini kabisa, ambaye Sultani alimchukua kwa sababu maneno yake humchekesha. Ngwali hakupenda kuja. Mkewe alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua, naye alitaka awe karibu. Lakini anayeitwa na Sultani huitika kwanza, mengine huyawaza njiani. Usiku ule wa pili, Sultani akamwona Ngwali ananawa mikono mapema, uso wake umetulia. Akamwita.

"Ewe Ngwali, umekula nini?"

"Mkate wa mofa na mbaazi, Maulana. Nimeshiba, namshukuru Mungu."

"Na kamba? Na nyama? Na kuku?"

"Walipita, tukasalimiana."

"Nimekulipia kamba, wewe unakula mbaazi! Mkate na mbaazi si ndicho unachokula kwako?"

"Kwangu nakula mkate, Maulana. Mbaazi huwa naisikia harufu yake kwa jirani."

Watu wakataka kucheka, matumbo yakawakatalia. Lakini Sultani hakucheka. Tumbo lilikuwa likimuuma, usingizi bado hajaupata, na kumwona mtu ameridhika kwa kitu rahisi kulimchoma kama mwiba. Akanena mbele ya wote kuwa, kwa kuwa Ngwali ndiye mwepesi wa kushiba, basi kuanzia kesho atakuwa msimamizi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba Sultani anakitumia kila alicholipia, kisibaki hata kimoja mpaka siku ya kutoka lango lile. Kikibaki chochote, Ngwali atakwenda machimboni kuchonga mawe mpaka afidie hasara.

Na machimbo ya Ungamani kila mtu aliyajua. Aliyeingia hakutoka kabla ya mwaka, na wengine walitoka hawawezi tena kufunga ngumi. Ngwali akamfikiria mkewe, na mtoto atakayezaliwa baba yake akiwa ndani ya shimo. Akauliza kwa upole, "Maulana, ni chakula peke yake, au ni kila kitu ulicholipia?"

"Kila kitu. Nimelipia kila kitu, nataka kila kitu."

"Sheikh umesikia?" Ngwali akamwuliza Kadhi. Kadhi akaitika kuwa amesikia. Basi Ngwali akatoka, akaenda jikoni alikokuwa Bi Mwanatumu akipepeta mchele, akakaa karibu naye, akamwomba amweleze bila kuficha: mgeni akilipa pale langoni, hasa analipia nini? Bi Mwanatumu akamtajia kimoja kimoja, na cha kwanza alichokitaja kilimfanya Ngwali atabasamu. Akaomba dua, akalala.

Asubuhi, Sultani akafungua kinywa. Alipomaliza kifungua kinywa chote, akihema, akaenda kuegemea barazani. Ngwali akamjia, akainama. "Maulana, kiti hicho ulikikalia jana. Vipo vingine pale, vimelipiwa, na hakuna aliyevikalia." Sultani akaona neno hilo lina maana. Akainuka, akakikalia cha pili, akakikalia cha tatu, akaizunguka baraza yote, kiti kwa kiti, mpaka jasho likamtoka. Alipotaka kupumua, Ngwali akamkumbusha bustani. Kila mchungwa una kivuli chake, na vivuli vinasogea. Visipokaliwa sasa, vitakwenda na hasara yake. Basi Sultani akawa anatoka kivuli hiki anaingia kile, na waziri nyuma yake, na Kadhi nyuma ya waziri amejishikia tumbo.

Kutoka hapo wakaenda chemchemini. Sultani akaoga, akataka taulo. Ngwali akamtazama kwa huruma. "Maji bado yapo, Maulana."

"Ngwali, hii ni chemchemi. Maji hayaishi."

"Ndilo linalonitisha, Maulana." Akachota kata nyingine, akammwagia, na nyingine, na nyingine, mpaka Sultani akaanza kutetemeka na vidole vikamkunjamana.

Mchana Sultani akala kwa taabu, kisha akaenda chumbani kulala kidogo, na kwa rehema za Mungu usingizi ukaanza kumjia, ule alioutafuta miezi mingi. Akahisi anaguswa bega. Ni Ngwali, amepiga magoti kando ya kitanda. "Maulana umelalia upande wa ukutani tu. Huu wa mlangoni umelipiwa." Sultani akajigeuza, akafumba macho. Akaguswa tena. "Na miguuni, Maulana. Na mto wa pili haujaona kichwa tangu tuje."

Hapo Sultani akaketi kitako, macho mekundu, akamwambia aache, atoke, asirudi. Ngwali hakutoka. Akaweka paji la uso sakafuni, na sauti yake safari hii haikuwa na mzaha hata kidogo.

"Maulana, nikiacha, naenda machimboni. Mke wangu atajifungua wakati wowote. Amri ni yako, na Kadhi aliisikia. Nifanye nini?"

Sultani akashuka kitandani, maana neno la sultani likishatoka mbele ya Kadhi halirudi ndani eti kwa kuwa linamsumbua mwenyewe. Akaita watu wote wakutane chini ya michungwa. Bi Mwanatumu naye akaja, na kwa kuwa ilikuwa saa ya vitafunio vya alasiri, akaja na sinia la kaimati na vitumbua na halua. Waziri alipoliona sinia lile, machozi yakamlengalenga. Ngwali akaliinua kawa, mvuke ukapanda, naye akamgeukia Sultani kwa heshima.

"Mvuke huu, Maulana, umo katika malipo, na unapotea. Ukikaribisha pua kidogo."

Na Sultani Haidari, mtawala wa Ungamani, kwa mazoea tu, akainama akaanza kuvuta mvuke wa kaimati. Akakumbuka watu wanamtazama. Akainua uso, umelowa.

"Ngwali," akasema taratibu, "bado nini? Nitajie kilichobaki, nikimalize, nife."

"Maulana, nimehangaika nawe kutwa nzima. Viti umevikalia, vivuli umevizunguka, maji umeyaoga mpaka yamekuoga wewe. Lakini kipo kitu kimoja hujakigusa tangu uingie, kizima kama kilivyo. Nimekitafutia nafasi nimeikosa. Kila nikikileta, kuna kamba njiani. Hicho ndicho kitakachonipeleka machimboni."

"Ni kitu gani?"

Ngwali akamwomba Bi Mwanatumu aseme mwenyewe. Yule mama akaweka sinia chini, akajifunga kanga vizuri. "Mola akuweke, Maulana. Chakula changu hata mjini napeleka, atakaye hununua akala kwake. Watu hawapandi mlima wote huu kwa ajili ya kuku. Wanakuja kupumzika. Hiyo raha ndiyo ninayoitoza pale langoni. Chakula ninawapa ili wasiwe na njaa wakiwa ndani yake."

Sultani akamgeukia Kadhi, akamwuliza hukumu yake ni nini, kwa kuwa amelipia raha na amelipia chakula, na ameona kwa tumbo lake mwenyewe kwamba vyote viwili kwa ukamilifu havikai pamoja. Kadhi akakohoa. Akasema kuwa vitu viwili vikigongana, busara ni kukishika kilicho ghali zaidi na kukiachia kilicho rahisi, na Maulana mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo katika habari ya kamba na mikate. Kisha, kwa kuwa alikuwa mcha Mungu asiyependa kuficha, akaongeza kwamba yeye binafsi amekula kwa woga siku zote hizi, na alipaswa kusema mapema, na anamwomba Mungu msamaha kwa hilo, na kwa ile sala ya kukaa.

Sultani akautazama uso wa Kadhi, akautazama wa waziri uliovimba, akajitazama vidole vilivyokunjamana. Kitu kikaanza kumtikisa mabega. Watu wakadhani ni hasira, kumbe ni kicheko. Akacheka akijishika tumbo, akaumia, akacheka kwa kuwa anaumia, mpaka akalala chali juu ya majani chini ya mchungwa mmoja tu, wala hakuuliza vivuli vingine viko wapi.

"Sheikh," akasema hatimaye, "agiza uji wako. Na mimi niletewe kidogo. Kamba wa leo usiku wapelekewe watu wa bondeni, waambiwe karibuni." Kisha akafumba macho, akalala pale pale mpaka karibu na magharibi, na hakuna aliyemgusa bega.

Alipoamka akamwita Ngwali, akamwambia amesalimika na machimbo, na achague zawadi. Ngwali hakutaka kanzu wala mbuzi. Akaomba aondoke kesho alfajiri, awahi kwa mkewe.

Sultani akakunja uso. Akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. "Lakini siku zako bado zipo," akasema. "Nimezilipia. Kesho, keshokutwa... asubuhi, mchana, jioni. Ukiondoka zinapotea."

"Zinapotea, Maulana," Ngwali akaitika.

Sultani akatazama juu, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Basi zipotee," akasema. "Nenda kwa mkeo."

Ngwali akambusu mkono, akaondoka alfajiri, akafika siku ile ile, na juma halikuisha kabla mtoto hajalia ndani ya nyumba yao. Sultani alipata habari akiwa angali Kivulini, anakunywa kahawa na tende moja, akashukuru. Na hekaya nayo imeshiba hapa; tusiilazimishe tonge jingine.