Handaki la Vita vya Siafu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wangali wanapika, wanafua na kuombana chumvi kwa majirani, palikuwa na ghala moja la mtama lililokuwa mali ya wote. Mtunza ghala alikuwa Bi Kanga. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango asubuhi, kupima mtama kwa kibaba, na kufunga. Haikuwa kazi ya kumchanganya mtu akili, lakini ilimchanganya.

Ilianza na vita. Siafu walipanda kutoka bondeni, shwaa, kama maji yaliyomwagika, wakaja moja kwa moja hadi ghalani. Wanyama wachache walisimama mlangoni wakapigana nao siku tatu mpaka siafu wakageuka. Bibi Nyumbu alikuwa mmoja wao. Siafu walimla mguu wa nyuma, na tangu siku hiyo hakuweza kufuata malisho wala kushika jembe. Wazee wakaketi barazani wakatunga sheria: aliyeumia katika Vita vya Siafu apewe kibaba kimoja kila asubuhi, na msaragambo usimhusu tena. Msaragambo ndiyo ile siku ya wote kulima shamba la ghala, kila mtu na jembe lake.

Waliopewa walikuwa watatu. Bi Kanga alikuwa akimaliza kuwapimia kabla umande haujakauka.

Mwaka uliofuata akaja Korongo. Alisema yeye hakuumwa na siafu, lakini alibeba maji kwa mdomo siku zote tatu katikati ya moshi, na mpaka leo anakohoa. Akakohoa. Bi Kanga akaona ni kweli, na wazee wakaona ni kweli. Akapewa.

Miaka kadhaa baadaye akaja mjane wa Ngiri. Mumewe alirudi kutoka vitani mzima wa mwili, ila kila alipolala alipiga kelele mpaka akafa, na yeye hakupata usingizi miaka minne. Wazee wakatazamana. Nani angemwambia mama yule kuwa hakuumia? Akapewa naye.

Basi mlango ukawa umefunguka. Mzee Tembo, ambaye ndiye mkubwa wa baraza, alieleza kwamba alikuwa ng'ambo ya mto vita vilipopigwa, lakini mbiu ya hatari ilimwingia masikioni, na masikio yake, kila mtu anayaona, si madogo. Bado yanalia nziii. Kifaru alikuwa safarini kwa wakweze, hakusikia hata hiyo mbiu. Yeye aliumizwa na uchungu wa kuvikosa vita. Alisema hivyo akilia machozi, na Kifaru akilia si jambo la kutazama ukiwa umesimama karibu. Nyati alikuwepo Kifaru alipopewa habari za vita, akashtuka, na mshtuko huo ndio aliodai umemuumiza.

Wote wakapewa, na wote wakaweka majembe chini.

Bi Kanga alijaribu kulitafuta kosa lilipoanzia. Alimchukua kila mmoja peke yake, akaona maneno yake yana maana, au karibu yana maana. Akiwatazama wote kwenye foleni, Tembo mbele na Bibi Nyumbu nyuma kabisa akichechemea, hakuona maana yoyote. Alirudi nyuma kutoka kwa Nyati hadi kwa Kifaru, hadi kwa Tembo, hadi kwa mjane, hadi kwa Korongo. Akate wapi? Kila alipotaka kukata, palikuwa na mtu anayekohoa kweli.

Siku ya msaragambo ikafika, mvua ikiwa imebakiza wiki moja. Bi Kanga alikuta shambani mtu mmoja tu, jirani yake Pimbi, mdogo kuliko mpini wa jembe alilolishika.

"Dada Kanga," Pimbi alisema, "shamba hili lilikuwa likilimwa na kijiji kizima. Leo ni mikono yangu na yako, na wewe huna mikono."

Bi Kanga hakucheka. Alimwambia kwamba asubuhi ile mtama uliishia kwa Nyati, ikabidi akwangue sakafu ndipo akapata nusu kibaba cha Bibi Nyumbu, nacho nusu yake mchanga. Shamba lisipopandwa wiki hii, wenye miguu minne watakwenda mbali kutafuta chakula. Bibi Nyumbu ana mitatu.

Pimbi akaegemea jembe. Aliuliza jambo moja tu, kama Bi Kanga alikuwepo siku ya vita. Bi Kanga alisema alikuwa ndani ya ghala amelalia mayai, hakuona kitu. Pimbi akaenda kwa Bibi Nyumbu, wakaongea kidogo, kisha akaenda barazani.

Huko aliongea kwa heshima zote. Alisema wazee wamewatunza waliosikia mbiu na waliokosa vita, lakini wamewasahau walio wakubwa kuliko wote: wale waliochimba lile handaki refu kuzunguka ghala, siafu wakatumbukia humo. Hao wangestahili vibaba viwili.

Bi Kanga akapiga hesabu. Viwili! Na ghala ni tupu!

Kisha Mzee Tembo akakohoa.

"Handaki lile," alisema. "Mimi sikutaka kulitaja. Sipendi kujisifu."

"Mzee si alikuwa ng'ambo ya mto?" Pimbi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilivuka."

Kifaru akakumbuka kwamba alirudi kutoka kwa wakweze mapema, akachimba upande wa mashariki. Nyati akadai upande huo ulikuwa wake, Kifaru alichukua mchanga tu. Wakabishana juu ya kina chake na ugumu wa udongo wake, mpaka Bi Kanga mwenyewe akaanza kuliona lile handaki. Alihisi hata alisikia majembe, akiwa juu ya mayai yake.

Pimbi alisema yeye ni mdogo, hawezi kuamua baina ya wakubwa. Kila aliyechimba aonyeshe alivyochimba. Pale shambani patafaa, udongo ni uleule.

Wakashuka. Tembo akatia pembe, kubwi, kubwi. Kifaru akaparua kwa ubishi, asitazame kando. Nyati alikuja na jembe lake la zamani, na ndugu zake wanne kama mashahidi, nao wakaona wasishuhudie bure. Kufika adhuhuri hapakuwa na tuta ambalo halijageuzwa. Pimbi alipita nyuma yao akisema, "Hapa mzee ulichimba vizuri," na kila aliposema, alidondosha mbegu za akiba na kuzifukia kwa mguu.

Wengine hawakusogea. Korongo alisema alikuwa hewani na maji, handaki hakuliona. Mjane wa Ngiri alisema alikuwa nyumbani na watoto. Bibi Nyumbu alikuwa amekaa ukingoni na wenzake wawili wa mwanzo, mguu wake wa nyuma uliobaki ameunyoosha.

Tembo, akitweta, akamgeukia. "Bibi, uwaambie. Wewe ulichimba upande gani?"

"Handaki gani?" alisema Bibi Nyumbu. "Tulikuwa na majivu na kwato zetu. Tungekuwa na handaki, ningekuwa na mguu."

Nyati alitazama jembe mkononi mwake kama limeletwa na mtu mwingine.

Mvua ilinyesha siku ya sita. Wale wakubwa hawakufukuzwa na mtu. Asubuhi iliyofuata hawakuonekana kwenye foleni, na msaragambo uliofuata walikuja mapema, bila kuitwa. Kabla mtama haujakomaa, Tembo alileta gunia kutoka kwake, akalitua mlangoni, akaondoka bila kugeuka.

Bi Kanga alimpimia Bibi Nyumbu, Korongo, na wale wawili wa mwanzo. Kwa mjane akasita, kibaba hewani. Mpaka siku hiyo hakujua mstari ulipaswa kupita wapi.

"Mpe," alisema Bibi Nyumbu nyuma yake. "Nyumba zetu zilipakana. Nilikuwa nikizisikia zile kelele."

Akajaza kibaba.

Ghala la wote likifunguliwa kwa kila mwenye mdomo, wa kwanza kulala njaa ni yule aliyelilinda.